Kiraka cha Damu Yangu

Kabeza, Kigali

Dada Flaviana, shikamoo.

Huku mvua ipo, wateja wapo, na sukari yangu imetulia.

Kile kidonda cha mguuni nilichokuambia ni kidogo, daktari alishasema mguu ukatwe. Nilikuficha kwa sababu ungepanda basi siku ileile. Kisha wakajaribu njia nyingine: walinitoa damu, wakaizungusha kwenye mashine, wakachuja sehemu inayoponya na kuipaka kidondani, mara kadhaa.

Jirani yangu Nyirahabimana alicheka: "Fundi we, damu iko yako, na wanakuuzia?"

Nikamjibu kiraka kizuri hukatwa kwenye kitambaa kilekile.

Kidonda kimefunga. Jana nilikanyaga cherehani mpaka Nyirahabimana akagonga ukuta kwa kelele. Sijawahi kufurahia lawama namna ile.

Mdogo wako mwenye miguu miwili,
Telesphory