Bamba la Ekzosi Juu ya Kioo cha Harusi

Madungu, Chake Chake

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Salamu zangu zikukute umekaa kitako, si umesimama jikoni kama kawaida yako. Mama kifua chake kimepungua? Na watoto wazima? Mimi mzima, alhamdulillahi, tena mzima kupita kiasi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Dada, nimeolewa! Kila nikiamka najikumbusha, kisha nacheka peke yangu. Hamad akiingia chumbani bado naona haya. Mikono yake ina makovu madogo ya cheche, na kila kovu nimelipa jina. Usicheke.

Sasa nikwambie hofu iliyonipata. Unajua fungate yetu tumekalia hapa kwao, na bwana harusi havuki kizingiti mpaka siku saba zitimie. Hazijatimia, akaja Mzee Kombo, mwenye kiwanja lilipo banda la Hamad la kuchomelea vyuma. Amebeba mabomba ya ekzosi ya gari yake, yale manne yanayotoka kwenye injini, yamepasuka pale yanaposhikana na bamba lake, kile chuma bapa kinachobana kwenye injini moshi usivuje. Mafundi wawili walishayachomelea, na mara zote mbili bamba lilipinda kwa moto, wakalisaga mpaka likanyooka. Sasa limebaki jembamba.

"Likipinda tena halina nyama ya kusaga," akasema. "Ukiliweza, Hamad, kaa na banda lako. Ukin'haribia, kiwanja n'tampa mwengine."

Chumbani Hamad akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akikosa banda itabidi aende Dar kutafuta kazi, mimi nibaki na mama yake. Dada, hebu fikiri. Hina haijafifia, mume aende Dar?

Basi fungate inamkataza yeye kutoka, haiikatazi kazi kuingia. Mashine ya kuchomelea ikaletwa kwa mkokoteni mpaka uani. Mama mkwe, Bi Asha, akakaa mlango wa jikoni amenuna. "Fungate gani hii ya moshi!"

Hamad alilifunga bamba kwa boliti juu ya chuma kinene, lisipate nafasi ya kujikunja. Akachoma nukta ndogo za kushikiza, kisha kipande kifupi kwenye bomba la kwanza, kifupi kwenye la mwisho, akarudi yale ya kati, akingoja baina yake. Hakulizungushia moto bomba hata moja kwa mkupuo.

"Moto ukikaa pahala pamoja, chuma hutanuka upande mmoja," akaniambia. "Kikipoa, kinavuta."

Mimi niko nyuma ya pazia, kila akiwasha nafumba macho kama alivyoniamuru, nikifumbua naona shati limemganda mgongoni.

Alipomaliza kipande cha mwisho, cheche ikarukia ua wa makuti. Moshi ukapanda. Hamad akauvamia moto kwa kandambili, akanipa mgongo. Bi Asha akakurupuka na ndoo ya maji, lakini hakwenda kwenye makuti. Alikwenda kwenye chuma, kwa kuwa ndicho kilichokuwa chekundu.

Dada, bibi harusi wa fungate hampaazii sauti mama mkwe. Mimi nilitoka mbio bila mtandio nikaikamata ndoo.

"Usimwagie, mama! Kitapinda!"

"Wan'zuia maji katika nyumba yangu?"

"Nakuzuia, mama. Kikipoa ghafla, Hamad anaondoka."

Maji yakanimwagikia miguuni. Akanitazama, ndoo tumeishika sote wawili. Kisha akaiachia.

Hamad alipouzima moto, tukakifukia chuma kwa mchanga mkavu, boliti zikiwa zimekazwa vilevile, kipoe chenyewe. Hamad alipofungua, pale uani hapakuwa na kitu kilichonyooka cha kupimia isipokuwa kioo cha meza yangu ya kujipambia, kile ulichoninunulia. Nikakileta, tukakilaza juu ya mkeka, akaliweka bamba juu yake. Lililopinda, ukiligusa pembe, hugonga kioo.

Bi Asha ndiye aliyesogea. Akabonyeza pembe moja kwa kidole. Kimya. Akabonyeza ya pili, ya tatu. Kimya. Ya nne akaikandamiza kama anayeitafutia kosa.

"Mwiteni Mzee Kombo," akasema. Akanigeukia. "Na wewe kajifute miguu. Kumbe sauti unayo!"

Gari imewashwa leo, haivuji moshi popote, na Mzee Kombo amemwambia Hamad banda likae.

Nisalimie baba, umwambie Hamad, yule fundi aliyemtilia shaka, ana pahala pake. Nisalimie shangazi aliyenipaka hina, na wifi yetu, mke wa kaka. Mama mwambie ale.

Kioo kimepata mkwaruzo pembeni. Hamad anataka kuninunulia kingine, nimemkatalia. Nikijipaka wanja huwa nausogelea ule mkwaruzo, na nyuma yangu namwona yeye.

Mdogo wako anayebaki Pemba na mumewe,

Rukia