Dagaa wanaopungua kichanjani

Lundo, Alhamisi usiku

Kumbe kunguru nimewasingizia bure. Na wavu wa kuwazuia nimeshanunua!

Leo niliamua kupima. Asubuhi nilianika ndoo mbili za dagaa wa kuchemsha na chumvi kwenye kichanja cha nyuma ya nyumba, na mbili kwenye kile cha njiani, anacholinda shangazi. Dagaa walewale, jua lilelile. Jioni wale wa nyuma wamejaza debe. Wa njiani wamepungua shibiri nzima.

Na mteja wa Mbinga mjini nimeshamwahidi gunia Jumamosi. Sijui nitamwambia nini.

Jirani yangu, Mama Upendo, nilipomuuliza alicheka. "Hujui? Kila anayemwamkia shangazi yako anaondoka na kiganja cha dagaa."

Na hapa kwetu nani anampita mtu mzima bila kumwamkia? Watoto wa shule ndio usiseme. Wanapita, wanazunguka nyuma ya nyumba, wanarudi na shikamoo nyingine.

Nikamfuata shangazi nimekasirika, maneno nimeyapanga. Nimwambie hasara yetu inatokea hapa. Nimwambie kesho ahamie nyuma, kusikopita mtu.

Nikamkuta anakusanya wa mwisho waliosalia kichanjani. Nikaanza, maana siwezi kuanza vingine: "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanijaza kiganja.

Walikuwa wakavu vizuri, bado wana joto la jua. Nimewatafuna wote palepale, na yale maneno...

Mteja nitamwomba asubiri. Kesho kichanja cha njiani nakiongezea ndoo ya tatu, ya shikamoo.