Maganda ya Mtu Mmoja

Jumanne, Buhongwa

Hawashibi, na kosa si lao. Nyungunyungu wangu wanageuza maganda ya jikoni kuwa mbolea nyeusi, tatizo ni maganda yenyewe. Tangu nimzike mume wangu, na watoto wahamie Dar, namenya ndizi za mtu mmoja.

Jumamosi nataka kuwafundisha majirani ufugaji huu, maana mbolea ya dukani haishikiki tangu serikali iondoe ruzuku. Kiingilio nimesema ni ndoo ya maganda, basi. Leo nikabishiwa hodi. Mke wa jirani, Mama Kulwa, ameshika kopo tupu.

"Shikamoo, mama. Nasikia unagawa chambo. Baba Kulwa anakwenda ziwani na ndoano."

"Marahaba. Sigawi chambo. Hawa nawafuga."

"Unafuga nyungunyungu!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikasirika. Huenda Jumamosi wote watakuja na makopo. Au hatakuja mtu.

Lakini nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko tangu msiba. Nikamjazia kopo lake, karibu nusu ya mifugo yangu, ili chambo kikiisha arudi.

Waliobaki, maganda yangu yatawatosha.