Nazi Tisa za Mzee Ayubu

Kwa dada yangu Mwanasiti, Maramba.

Shikamoo dada. Kabla ya yote nauliza hilo goti lako, limepoa tangu mvua zikatike? Na wajukuu hawajambo? Na mihogo, nguruwe wamekuachia hata kidogo? Sisi huku Ushongo wazima, alhamdulillahi. Mimi ndiyo usiseme. Juzi nimekwea mnazi ule mrefu wa nyuma ya msikiti, vijana wakatoka kutazama midomo wazi. Kalamu tu ndiyo inanichosha kuliko mnazi. Simu ninayo, ila haya ninayotaka kukwambia hayasemeki kwenye simu, mke wangu ana masikio.

Dada, unamkumbuka Uweso jirani yangu, yule uliyekuwa ukimsifia adabu zake. Basi huyo ananichukulia mjukuu.

Najat, mtoto wa binti yangu aliyeko Tanga mjini, ninakaa naye mimi, na sasa ameanza chekechea hapa kijijini. Mwalimu wao anaitwa Tausi, binti mdogo tu, na hesabu zake hazina ubao. Watoto wanapanga ndala mbili mbili mlangoni, wanapima mchele wa uji kwa kikombe, na kila mmoja ana kifuu chake cha vijiwe. Ikisimuliwa hadithi, anayeingia wanamwekea kijiwe, anayetoka wanamwondolea. Mwalimu akatafuta mzee wa kuwasimulia. Akapita mlangoni kwangu, akanipa shikamoo nzuri kabisa, akaenda zake kwa Uweso. Mimi ambaye nikianza kusimulia barazani watu wanasahau kahawa mkononi.

Na huyo Uweso anasimulia nini? Kuku na vifaranga vyake wanavuka njia, viwili vinabaki nyuma. Imekwisha. Lakini Najat akirudi nyumbani ni Babu Uweso hivi, Babu Uweso vile. Zamani alikuwa halali mpaka nimsimulie mimi. Siku moja tunakula, akataka kugawa samaki yeye, bibi kipande, babu kipande, na yeye kipande. Nikamwambia babu huwa anakula viwili. Akanijibu Babu Uweso kasema kila mtu sawa. Dada, wali ule niliutafuna kama mchanga.

Basi Jumatano Uweso hakutokea shuleni. Mimi nilikuwa napita tu pale, nimevaa kanzu yangu ya Idi. Mwalimu alikuwa anatazama njia, nikamwambia watoto wasikae bure, nipo. Nikawapa hadithi ya mnazi wenye nyoka, nilivyoukwea wenzangu wote wamekimbia. Nikaangua nazi kumi, wakaweka vijiwe kumi katikati ya mkeka. Nikampa mwenye shamba nne, wakaondoa. Nikampa bibi kizee mmoja tatu, wakaondoa. Mimi nikajitwika zangu tisa nikarudi nyumbani.

Watoto wakatazama vijiwe vilivyobaki mkekani. Mtoto mmoja wa mbele akasema, "Tatu, babu."

Nikamwambia ni tisa, nilizibeba mwenyewe, yeye siku hiyo alikuwa wapi? Wakaanza kucheka, na wewe unajua mimi sichekwi. Mwalimu akasema kwa upole, haya tuhesabu tena pamoja na babu. Jasho likanitoka mpaka kwenye kofia. Wakahesabu, moja, mbili, tatu, halafu wakaendelea, na wakaendelea, ikafika tisa. Mwalimu mwenyewe akainama kutazama. Yule mtoto wa mbele akasema labda nazi zimezaa. Nikatunisha kifua.

Kisha nikamwona Najat. Kifuu chake kitupu, amekifunika kwa mtandio.

Njiani nikamwuliza vijiwe vyake viko wapi. Akasema, "Zako zilipungua, babu." Nikamwuliza, na Babu Uweso unamwongezea? Akasema hapana, za Babu Uweso zinatosha.

Sasa dada, nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Uweso hakuwa mgonjwa siku ile. Asubuhi nilimkuta uani kwake anapiga mswaki, nikamwambia mwalimu kaenda Pangani, leo hakuna shule. Akaniamini palepale. Jioni akaniletea papai, ananishukuru kwa kumpunguzia mwendo. Papai hilo lipo juu ya kabati, limeanza kulainika, siwezi kulila wala kumpa mtu.

Nitamwambia. Leo baada ya swala ya Ijumaa nitamshika mkono nimwambie, na akitaka kunitukana, anitukane, ingawa Uweso hata kutukana hajui. Ila lile la kwamba hadithi zake zinatosha, hilo hatalisikia kinywani mwangu. Mwalimu amsifu yeye. Mimi najua mtoto alimwaga kifuu chake kwa ajili ya nani.

Nisalimie shemeji na watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Goti lipake mafuta ya nazi ya moto, nitakutumia chupa nikipata mtu wa kuja huko. Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako,
Ayubu Kombo,
mkwezi wa Ushongo.