Gitaa la Baba Halisikiki Kwenye Simu

Shangazi mpendwa, naandika huku naona haya, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi nashona mapazia nyumbani, naishi na baba yangu mzazi, na tangu utotoni ametuambia kwamba ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya kiwanda wakarekodi wimbo mmoja, basi mwezi uliopita mdogo wangu akaupata, tukauweka kwenye simu familia nzima, tukasikia mwimbaji, tarumbeta, ngoma, besi wapi, shemeji akasema, "Baba, au wewe ulikuwa unawabebea vyombo?" tukafa mbavu, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, baba akavaa kofia akatoka, na tangu siku ile akisikia muziki anahama chumba. Juzi nikapeleka mapazia kwa daktari wa meno, pale mapokezi kuna spika mbili ndogo, ukapigwa wimbo ninaousikiliza miaka yote kwa simu, kumbe chini yake kuna gitaa linatembea taratibu ambalo sijawahi kulisikia, nikaduwaa mpaka nikasahau utepe wangu wa kupimia. Hivi inawezekana na la baba limo? Nimekwenda dukani, muuzaji ananisukumia dude moja la spika lenye taa, "Dada, hili linatikisa madirisha!" na pembeni zipo mbili za mbao, anasema zina amplifaya ya kukuza sauti humo humo ndani, bei karibu sawa, mfuko wangu mdogo na sebule imejaa vitambaa. Nichukue zipi, nijue baba alipiga kweli au alituongopea?

Mshona Mapazia

Mwanangu, pole, ila umenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kispika cha simu ni kama kifungo cha shati, besi ingepita wapi? Mngeicheka simu, mkamwacha mzee wa watu.

Dude la taa liache hapo hapo. Kutikisa madirisha ni kazi ya harusini. Wewe unataka kusikia gitaa moja kati ya vyombo vingi. Chukua zile mbili. Amplifaya ikiwa ndani, hununui chombo kingine: chomeka umeme, unganisha simu kwa waya, kwisha. Lile duara kubwa la mbele liwe na upana wa kiganja chako angalau. Nenda na wimbo wako mwenyewe, na mwambie muuzaji apunguze sauti, maana spika mbovu hujificha kwenye kelele. Nyumbani ziweke usawa wa masikio, usizifungie kabatini wala kuzisukuma kwenye kona, besi itavimba. Vitambaa viache, vinapunguza mwangwi.

Sasa hilo swali lako la mwisho nimelisoma mara tatu. Unataka spika zikatoe ushahidi juu ya baba yako! Na kama mitambo ya enzi zile haikuinasa besi vizuri, utamwita mwongo mara ya pili? Mwombe radhi leo, halafu mwende dukani pamoja, achague yeye, ndiye anayejua cha kusikiliza. Usingoje wimbo upigwe kwanza. Ukiomba radhi baada ya kuisikia besi, utakuwa umeziamini spika, si yeye.