Anayeita Kutoka Bondeni

Kemi, mjukuu wangu,

Anayeandika ni mdogo wako Koku. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asininyooshee maneno.

Kaburi lako ni safi. Nimelitandikia nyasi mpya, na migomba ya upande ule imezaa mikungu minene kana kwamba hapa hakuna msiba. Baba yako amerudi dukani kwake Rwamishenye. Halali vizuri. Mvua iliyoanza siku ya kukuzika haikutaka kukoma. Shamba la mahindi kule bondeni likawa ziwa, na ndege wako wakajaa humo.

Nilikucheka, unakumbuka? Ulikuja likizo na darubini shingoni, ukaniketisha kwenye tuta. Nikakuambia ndege asiyeliwa sina haja ya kumjua. Ukasema, "Bibi, rangi inadanganya. Anza na miguu, halafu mdomo, halafu mtazame anavyokula." Basi nikajifunza huku nabisha. Yule anayetingisha mkia kama mwanamke anayekwenda harusini. Yule wa madoadoa mgongoni. Yule wa miguu mirefu myekundu, nikasema huyu kaiba soksi za askofu. Ulicheka hadi ukakohoa. Sikujua kikohozi kile kinakuchukua.

Sasa nisikilize. Tulipokwisha kukuzika, asubuhi moja ya ukungu, niliitwa kutoka bondeni. Mara tatu, sauti nyembamba, kama ulivyokuwa ukiniita ukiwa huko chini. Unajua kwetu: ukiitwa na usiyemwona, huitiki, maana ukiitika unachukuliwa. Hata mtoto anajua. Mimi nikaitika. "Abee, Kemi!" Nikateremka. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, na sauti inazidi kusogea mbele yangu. Nilitaka kufika, Kemi. Sikudanganyi.

Kisha ukungu ukapasuka, nikamwona. Miguu ya kijani kilichofifia. Mdomo mrefu, ncha imeinuka kidogo. Akaruka, mgongo mweupe, akalia mara tatu. Nikasimama mle majini nikamtukana matusi ambayo Koku amekataa kuyaandika. Nikarudi nyumbani nguo zinachuruzika maji. Macho uliyonipa ndiyo yaliyonitoa kwenye maji.

Majirani wakasema, "Mama, umeshaitika, njia iko wazi." Nikawaambia ni ndege, nendeni mkamwone wenyewe, acheni kunizikia mjukuu mara mbili.

Lakini maji yamekauka. Ndege wote wameondoka; nimezunguka tuta lote, bonde ni tope na alama za miguu yao tu. Na bado naitwa.

Sasa hivi, tumekaa hapa barazani, sauti imeita tena. Koku ameinua kichwa, amefungua mdomo aitike. Nimemziba kwa kiganja. Amelia. Nimemwambia aandike na hili.

Kama ni wewe, sikia. Nakupenda, na kama ningeweza ningelala mimi pale chini ya migomba. Lakini huyu humpati. Wala mimi usinivute. Kazi yangu ikiisha nitakuja mwenyewe, sihitaji kuitwa. Nakuahidi nitamfundisha Koku ndege wako wote, mmoja mmoja, mvua zikirudi. Na kabla ya hapo nitamfundisha kunyamaza.

Lala, mtoto wangu. Lala kabisa.

Bibi yako