Chatu wa Tahlia amenibana bafuni

Noelene, usicheke. Chatu wa mjukuu wangu ameniuma mkono na hataki kuniachia. Naandika kwa kidole kimoja.

Tahlia yuko mgodini, kaniachia nimtunze siku mbili tu! Aliniambia nimlishe humo humo kwenye sanduku lake la kioo, panya wa kwenye friza nimyeyushe, nimkaushe, kisha nimshike kwa koleo. Mimi nikaona, si ndimo anamojisaidia? Nani anakula chooni? Nikambeba hadi kwenye beseni la kuogea, kwa mikono ile ile iliyomkausha panya, bado inanuka panya.

Chatu akamwacha panya. Akauma mkono!

Mkono, Noelene! Kisha akajizungusha, akaufunga pamoja na kile chuma cha kujishikia walichoniwekea nilipovunjika nyonga. Hata kusimama siwezi.

Nimempigia Tahlia. "Bibi, usimvute, utamng'oa meno!"

Meno yake yeye!

"Hana sumu, bibi. Mdondoshee mdomoni dawa ya kusukutulia, ataachia mwenyewe."

Dawa iko juu kwenye rafu, mimi niko sakafuni.

Mlango wa nyuma uko wazi. Najua unavyoogopa nyoka, shoga yangu. Basi ingia umefumba macho, nitakuelekeza chupa ilipo.